Nusu ya Moshi Wetu

Mumbua,

Nakusikia huko chumbani ukifungua na kufunga hilo sanduku, na kila ukilifunga unalibamiza ili nisikie. Nimesikia. Nilikugongea mlango ukanyamaza, nikagonga tena ukaniambia umelala, na jua bado liko juu ya paa la jirani. Sasa nimekaa hapa mezani na karatasi, maana kesho asubuhi gari la wageni litakuchukua hadi Nairobi, na ukishapanda ndege sitakuwa na mlango wa kukugongea.

Sitakuandikia mambo ya sweta, kusali na kula vizuri. Shangazi yako amekueleza hayo wiki nzima mpaka mimi nikachoka, na wala si mimi ninayesafiri. Nataka tuongee juu ya leo, kule ukumbini. Nina hasira, nisikufiche. Nina hasira na mwenyekiti wa baraza la mji, nina hasira na madiwani wenzangu wanaopiga makofi kabla hawajasikia wanachopigia, na nina hasira na wewe. Hiyo yako ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hao wengine si watoto wangu.

Nilisimama nikasema kwamba mji wetu haujapunguza moshi kwa nusu kama ripoti inavyodai. Nilisema kwa Kikamba, kwa kuwa nikikasirika Kiswahili hunikimbia, na wewe ndiwe uliyekuwa mkalimani wa wageni. Nikakusikia kwa masikio yangu ukiwaambia kwa Kiingereza kwamba mama anasema kazi imekwenda vizuri, imebaki kidogo tu. Mwanangu, mimi ni diwani wa kuteuliwa na niliachia shule darasa la saba, lakini "imebaki kidogo tu" naijua kwa Kiingereza. Nimeisikia kwa kila mkandarasi aliyewahi kuja kuchimba bwawa hapa.

Kwa hiyo nikarudia mwenyewe, kwa Kiingereza changu, kwamba binti yangu hajasema nilichosema. Watu walicheka. Sijui walicheka Kiingereza au walitucheka sisi wawili. Wewe ukaweka karatasi zako mezani ukatoka. Tulipofika nyumbani ukaniambia, baba yako akiwa amesimama hapo na kikombe cha chai, "Mwaitu, umeniharibia. Hao ndio wananilipia shule. Si ungengoja tu niende?"

Hilo neno la kungoja ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wewe ulikuwa shule ya bweni huko Machakos wakati mambo haya yanaanza, na hadithi unayoijua ni ile iliyo kwenye ripoti. Sikulaumu kwa hilo. Lakini kama unaondoka kwenda kusomea mambo haya haya, na kusaidia katika ofisi ya mji wa hawa wageni inayohesabu moshi, basi ondoka ukiijua ya kwetu jinsi ilivyokuwa.

Wageni walipokuja mara ya kwanza, Bi Ingrid akiwa hajui hata kusema asante, walituambia kwamba mji wao huko Ulaya umejiwekea lengo. Walisema kuna hewa ya ukaa inayotoka kwenye moto, magari na viwanda, inajikusanya angani na kuizidishia dunia joto, na kwamba wao wameapa kuipunguza mwaka hadi mwaka. Walitaka mji rafiki wa Afrika ujiwekee lengo lake, kisha tusaidiane. Niliwaamini, na kwa hilo nawaamini mpaka leo. Tangu nilipokuwa msichana Tseikuru nikichunga mbuzi wa babu yako nimeona mvua ikipoteza adabu, inakuja inapotaka na isipotaka haiji. Kama kulikuwa na mtu wa kuniambia sababu, nilikuwa tayari kumsikiliza.

Wao walikuwa wamesema watapunguza sehemu moja kati ya tano. Mwenyekiti wetu akaona hiyo ni ndogo. "Sisi tuseme nusu," akasema.

Nikamwuliza, "Nusu ya nini, mwenyekiti? Sisi hatujapima kitu."

"Mheshimiwa, nusu ni nusu. Hata mtoto wa nasari anajua nusu."

Makofi. Kabla ya mwezi kuisha kibao kilikuwa kimesimama pale mjini unapoingilia, rangi ya kijani, kikisema mji huu unapunguza moshi wake kwa nusu. Ulipokuja likizo ulipigia picha hapo na wenzako. Nami nilijipanga nyuma yenu nikiwa na kilemba kipya, nikitabasamu kama bibi harusi.

Fikiria sasa, Mumbua. Mji wetu hauna kiwanda. Magari yake unayajua, mengi yanasukumwa zaidi ya yanavyoendeshwa. Moshi wetu ni wa kupika. Ni wa makaa na kuni, ni wa hoteli za chai, ni wa mama anayechemsha isyo, mahindi na maharagwe, tangu asubuhi. Wanaume wale waliposema nusu, walikuwa wanaugawa moshi wa wanawake, na sidhani kuna mmoja pale mezani aliyewahi kupuliza moto mpaka machozi yakamtoka. Hilo ningelisema siku ile ile. Nikajiambia ngoja kwanza tuone.

Wazo la kuhesabu magunia lilikuwa langu. Niliwaambia moshi hauwekwi kwenye mizani, lakini makaa yanaingia mjini kwa magunia, na lori zote zinapita barabara moja. Tukihesabu magunia tutajua. Lilikuwa wazo zuri na bado sioni haya nalo. Kizuizi kikawekwa upande wa Tawa, askari wa baraza wakapewa kiti na mwavuli, kila gunia likahesabiwa na kutozwa ada. Miezi ikapita, magunia yakapungua, yakazidi kupungua. Nilikuwa nikisoma hesabu hizo barazani kwa sauti kubwa. Baba yako alikuwa ananiita Mama Nusu, na mimi nilipenda.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Makaa yalikuwa yamepungua hivyo, lakini sokoni hakuna aliyelalamika, na majiko ya jioni yalikuwa yanawaka vile vile. Ukipita nyuma ya hoteli macho yalikuwasha vile vile. Asubuhi moja nikaamua kushuka mwenyewe kwa ile njia ya mtoni, ile mliyokuwa mkikatazwa kuipita mkienda shule.

Nilikuta wanawake wamefuatana, kila mmoja na kiondo mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, ameinama mpaka uso unatazama mchanga. Juu ya kila kiondo kulikuwa na majani ya kunde. Chini ya majani kulikuwa na makaa. Aliyetangulia alikuwa Mama Kioko, yule tuliyekuwa tunanunua mboga kwake. Nikamsimamisha.

"Mama Kioko, hii ni nini?"

"Ni makaa, mheshimiwa."

"Na kizuizi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu rahisi sana. "Si mlisema gunia? Hii si gunia, hii ni kiondo. Hata huyo askari mwenyewe alituambia kiondo haina pesa."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ametii sheria jinsi ilivyotangazwa. Lori zilikuwa zinamwaga makaa ng'ambo ya mto, wanawake wanayapakia kwenye viondo na kuyaingiza mjini kwa shingo zao, na mimi naketi barazani nikijisifu kwamba magunia yameisha. Nilimtazama Mama Kioko akinyoosha mgongo, alama ya kamba imechimba kwenye ngozi, nikataka kulia. Sikulia. Nilinunua makaa yake, kwa sababu nyumbani yalikuwa yameisha.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nikamweleza. Alisikiliza akichokoa meno, halafu akasema, "Kiondo ni utamaduni wetu, mheshimiwa. Sasa unataka tuhesabu utamaduni?" Akanishauri ningoje kwanza, uchaguzi uko karibu, wanawake wasichokozwe. Na mimi nikangoja. Unaona sasa kwa nini neno lako lilinichoma.

Nilijidanganya kwamba nitaziba pengo kwa njia nyingine. Kama makaa hayapungui, basi tupande miti, ivute hiyo hewa. Nikaita mwethya, kazi ya pamoja kama ya mama zetu. Wewe ulikuja siku ile, lakini ulifika jioni wakati wa nyimbo, hukuona asubuhi yake. Vikundi vilitoka kila upande, vingine vimetembea kutoka njia ya Matiliku, na majembe begani. Na unajua mwethya hauitwi mikono mitupu. Uliyeita kazi ndiye unayelisha, na ukiwalisha vibaya utasemwa mpaka wajukuu zako wasikie. Kwa hiyo nilisema wapikiwe muthokoi wa mahindi ya kukoboa, wa kutosha, na maharagwe, na nyama kidogo. Sasa muthokoi unaujua. Hauharakishwi. Unataka moto wa kukaa, saa baada ya saa, na sisi tulikuwa na mapipa yaliyopangwa kama ya kutengenezea lami.

Kuni zilikatwa pale pale mlimani tulipokuwa tunapanda. Nilifika nikakuta vijana wameangusha migunga, ile mikubwa iliyokuwa inawapa mbuzi kivuli, wanaipasua. Pembeni kulikuwa na miche yetu kwenye vikopo, kila mmoja urefu wa kidole. Nilisimama katikati, huku miche, huku magogo, na niliona kila kitu wazi kabisa. Ningeweza kusema moto uzimwe, watu wanywe uji warudi nyumbani. Lakini nikawaza watakavyosema njiani, kwamba diwani ametuchimbisha mashimo kwa uji. Nikaogopa kuitwa mchoyo. Nikasema ongezeni kuni, maharagwe bado.

Usiku ule baba yako aliniuliza, "Mama Nusu, mmepanda mingapi na mmekata mingapi?" Mvua haikuja, miche iliyobaki ikaliwa na mbuzi, na ule mlima unauona mwenyewe ulivyo sasa ukisimama pale mlangoni. Hakuna siku ninayoutazama nisikasirike. Nilikosea mbele ya watu wote, na watu wote walishiba, kwa hiyo hakuna aliyenilaumu.

Kuna jambo moja lililofaulu, nalo ndilo lililonifanya leo nisiweze kukaa kitini. Shule ya msingi iliyo karibu na soko ilijengewa jiko la udongo lenye bomba, kwa pesa kidogo ya wageni. Mpishi alilalamika mwezi mzima kwamba halionyeshi moto. Halafu akanyamaza. Kuni zilizokuwa zinaisha kabla ya nusu ya muhula sasa zinafika siku ya kufunga shule, na watoto wamepunguza kukohoa jikoni wanapoenda kuchukua chakula. Ni jiko moja. Lakini ni kweli, unaweza kwenda ukaligusa. Niliomba liandikwe kwenye ripoti, na tuseme wazi kwamba hayo mengine yalitushinda, ili wageni wasaidie kujenga majiko mengine katika shule zilizobaki.

Mwenyekiti akasema, "Hiyo ni ndogo. Watu hawakupanda ndege kuja kuona jiko." Jiko likafutwa. Ikaandikwa nusu.

Kwa hiyo leo niliposikia ile ripoti ikisomwa, na makofi yakianza, na Bi Ingrid akiandika, nilijua kinachofuata. Mji uliofikia lengo lake hauhitaji msaada. Wageni wangefurahi, wangepiga picha, wangeondoka, na zile shule nyingine zingebaki na mawe matatu na moshi. Ndiyo maana sikungoja. Mwenyekiti alijaribu kunizuia, ulimsikia. "Mheshimiwa, kaa chini, mtoto wako anaondoka kesho na gari ya hawa wageni." Alilisema mbele ya ukumbi kana kwamba ananikumbusha kitu nilichosahau. Nilikuwa sijasahau, Mumbua. Na nilipokuwa nasema, kitu kilichonipa nguvu ni kwamba wewe ndiwe utakayeyasema maneno yangu, kwa Kiingereza kizuri, na yatafika.

Halafu hayakufika. Uliyapunguza.

Nimekaa hapa nikijaribu kukuelewa. Najua umesoma kwa taa ya mafuta na kwa vitabu vya kuazima. Najua ulivyoipokea ile barua ya kukubaliwa, ulivyokimbia nayo mpaka kwa shangazi bila viatu. Nadhani uliogopa, ukaona nafasi yako inaponyoka mdomoni mwa mama yako mwenyewe, ukaishika. Labda ningefanya hivyo pia. Lakini kitu ulichokisema hukukisema kwa niaba yako, ulikisema kwa niaba yangu, na mimi sikuwa nimekutuma hicho. Mama Kioko pia hukumtendea haki, yeye na shingo yake.

Sasa kuna jambo usilolijua kwa sababu umejifungia. Bi Ingrid alikuja hapa baada ya chakula cha mchana. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye kile kigoda kifupi, magoti yakamfikia kidevuni. Kiswahili chake sasa kimekuwa kizuri, na pale kilipokwama mimi nilijaza. Akaniomba nimweleze habari ya viondo. Nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaacha kucheka.

Akasema, "Mama Mumbua, sisi tulifikia lengo letu mwaka jana. Tulifanya sherehe kubwa. Lakini kiwanda chetu cha chuma kilifungwa. Kazi yake ilienda nchi nyingine, na moshi ulienda nayo. Chuma bado tunanunua. Hiyo hatukuhesabu."

Nilimwuliza kama kuna mtu aliyesimama kusema hivyo kwenye sherehe. Akasema hapana, yeye alikuwapo, na alipiga makofi. Basi tukaketi hapo wawili, mimi napepeta mahindi, yeye ananitazama. Sikujua nimhurumie au nimfukuze. Niliudhika sana, nakwambia ukweli, kwa sababu siku zote nilidhani ni sisi tu tunaoshindwa, na kwamba mahali fulani kuna watu wanaojua kufanya mambo haya, na ndiko unakoenda kujifunza. Kumbe unaenda kwa watu kama sisi, wenye barabara nzuri. Usishangae ukifika. Usiwadharau pia. Huyu angalau alikuja jikoni.

Alisema atapeleka habari ya jiko la shule kwa wenzake. Hakuahidi kitu, na nilimshukuru kwa kutoahidi. Na nafasi yako iko pale pale. Nilimwuliza hilo kwanza kabla ya kumpa hata maji, kwa hiyo acha kulibamiza sanduku. Akasema aje, tunamhitaji.

Lakini alipokuwa anasimama kuondoka aliniuliza swali. Aliuliza kwa upole, mkono wake uko mlangoni: "Kwa nini Mumbua hakutafsiri ulichosema?"

Mimi ndiye niliyesimama asubuhi mbele ya ukumbi mzima nikigonga meza. Mimi ndiye niliyesema hesabu ya mji isipunguzwe wala isiongezwe. Nikamjibu papo hapo kwamba ukumbini kulikuwa na kelele nyingi, hukunisikia vizuri. Ilinitoka upesi sana, wala sikuhisi ikipita kooni. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani aliamini.

Kwa hiyo kesho unaondoka na mtu anayeamini kwamba hukunisikia. Ulinisikia, Mumbua. Mimi sitamwambia, nimejaribu kujilazimisha tangu alipoondoka na siwezi, wewe ni mtoto wangu. Lakini kutoka hapa hadi Nairobi mtakaa kiti kimoja. Mwambie wewe.

Mama yako